Maua Yaliyomtangulia Ajuza

Februari ilikuwa haijaisha siku Sanavbar alipotoka kumwaga maji ya vyombo akagundua kwamba hakuvaa koti, na wala halihitaji. Alisimama uani na beseni lake, jua limemkaa mgongoni, asijue afurahi au aogope. Mwezi huo watu wa bonde la Zarbogh huwa wamejikunyata majumbani, miguu ya familia nzima imeingizwa chini ya blanketi moja lililotandazwa juu ya meza fupi yenye makaa, wakinywa chai na kusengenyana hadi chai iishe na watu wa kusengenywa waishe. Mwaka huo mablanketi yalianikwa ukutani, kuku walijigaragaza vumbini, na theluji ilibaki vileleni tu, mbali, kama mali ya watu wengine.

Alizunguka nyuma ya nyumba kwenye miaprikoti. Matumba yaliyopaswa kuwa madogo na magumu kama punje za ngano yalikuwa yamevimba, na mengine yamepasuka ncha, wekundu unachungulia.

"Baba Firuz," aliita, "njoo uone vituko."

Mumewe, Nurullo, alikuja na bakuli lake la chai mkononi. Alishika tawi, akalipindua, akalinusa, maana alikuwa mtu wa kunusa kila kitu. Kisha akatabasamu. Tabasamu lile Sanavbar alikuja kulichukia baadaye, ingawa siku ile lilimtoa wasiwasi wote.

"Kapita," alisema Nurullo. "Mwaka huu Ajuza kapita mapema."

Katika bonde lile, kila mwaka kabla ya Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya mwezi Machi, huja baridi ya mwisho, kali kuliko zote, nayo huitwa baridi ya Ajuza. Husemwa kwamba majira ya baridi ni bibi kizee mchoyo: akishaondoka hurudi tena mlangoni kutazama kama hakusahau kitu, na akikuta ua limechanua hulichukua. Kwa hiyo hakuna anayeamini joto mpaka Ajuza apite. Na utajuaje kwamba amepita? Ukoo wa Nurullo ulikuwa na jibu lake, tangu babu yake: ulize mti. Mwaprikoti mkongwe haufungui mlango Ajuza akiwa bado njiani. Ukiona umefungua, lala usingizi.

Na ukoo ule uliaminiwa. Kulikuwa na mti mmoja mkongwe nyuma ya nyumba, karibu na mfereji, uliopandwa na babu yake Nurullo, na mtaa mzima wa mferejini uliutazama huo. Zipo nyakati baridi ilipochelewa, miti michanga ikawahi kuchanua huku mkongwe ukiwa bado umefumba, na watu wakalazimika kukesha mashambani wakichoma majani makavu na samadi ili moshi uyafunike maua. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Moshi wa mtu mmoja hupeperuka ukaenda zake, lakini moshi wa mtaa mzima hutanda juu ya matawi na kuzuia jalidi, ile baridi ya kugandisha, isishuke. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kusema "leo tunawasha" au "leo tunalala." Mtu huyo alikuwa Nurullo. Hakuwa na cheo kingine chochote duniani, na hakukitaka.

* * *

Sanavbar alikuwa na sababu yake ya kuyahesabia maua yale heri. Wanawe walikuwa wawili. Mkubwa, Firuz, alikwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, akaoa hukohuko, na sasa alikuwa sauti tu kwenye simu siku za sikukuu, sauti iliyoanza kusahau baadhi ya maneno ya nyumbani. Mdogo, Daler, alimfuata kakaye, akabeba saruji mpaka mgongo ukagoma, akarudi mwishoni mwa kiangazi amekonda, hasemi sana. Wakati wa baridi, siku moja akimsaidia mama yake kubandika mikate kwenye tanuri, alimwambia jambo ambalo Sanavbar alikuwa akilisubiri kwa dua.

"Aprikoti zikikubali mwaka huu, mama, sirudi. Nitatengeneza vile vichanja vya kuanikia, nikae. Hata huyo mchumba unayemtafuta kwa siri, mtafute tu kwa uwazi."

"Na zisipokubali?"

"Komil anaondoka na watu wake kesho yake baada ya Nairuzi. Nimeshaandikisha jina."

Komil alikuwa mtu wa kukusanya vijana na kuwapeleka Urusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na gari, simu mbili, na mdomo mtamu, na kila nyumba aliyopita ilibaki na mwanamke anayelia jikoni. Sanavbar alibandika mkate mwingine, mkono ukaungua kidogo, akasingizia moto kwa machozi yaliyomtoka. Tangu siku hiyo kila tumba lililovimba lilikuwa kwake siku moja zaidi ya Daler kukaa nyumbani.

Maua yalichanua wiki mbili na zaidi kabla ya wakati wake. Yalichanua yote kwa pamoja, kwa fujo, meupe yenye wekundu, mpaka ukuta wa udongo wa jirani yao Tolib haukuonekana. Nyuki walikuja wachache, maana wengi hawakuwa wameamka. Nurullo alitembea chini ya matawi mikono nyuma, na watu waliopita mferejini walimsalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

* * *

Alasiri moja wanaume wa mtaa walikusanyika kando ya mfereji. Asubuhi yake upepo ulikuwa umegeuka, na Daler alikuwa ameona kwenye simu kwamba usiku huo kutakuwa na jalidi. Tolib alikuwa ameshalundika majani yake makavu baina ya miti. Tolib alikuwa mwoga kwa maumbile, mtu wa kufunga mlango mara mbili, lakini pia alikuwa na mabinti watatu wa kuozesha na hakuwa na kijana hata mmoja wa kutuma Urusi.

"Simu inasema jalidi, baba," alisema Daler. Alisema kwa adabu, macho chini.

Nurullo aliitazama simu ile bila kuipokea. "Simu yako imeuona mti gani?"

Watu wakacheka. Daler akairudisha mfukoni. Sanavbar, aliyekuwa amewaletea chai, alimwona mwanawe akijiuma mdomo.

"Kaka Nurullo," alisema Tolib, "mimi majani ninayo. Tukiwasha bure, hasara yake ni nini?"

Nurullo alimweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto. Nyuki wenyewe ni wachache, moshi utawakimbiza. Majani makavu ng'ombe bado wanayataka mpaka nyasi ziote. Na zaidi ya yote, mti hauchanui Ajuza akiwa njiani. Haujawahi. Babu hakuona, baba hakuona, yeye hakuona. Mtu mmoja akasema dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kiangazi ndiyo hii hapa mnaitazama, na kila mmoja akainua macho kwenye yale maua yaliyojaa jua, na kwa kweli ilikuwa vigumu kuyatazama ukaamini baridi.

"Leo tunalala," alisema Nurullo.

Sanavbar angeweza kusema neno. Nyumbani mumewe humsikiliza, hata kama hujifanya hasikii. Alikuwa ameona asubuhi jinsi kuku walivyojibana pamoja, na kifundo cha mguu wake, kilichowahi kuvunjika, kilikuwa kimeanza kuuma. Lakini alitaka maua yale yawe kweli. Aliyataka sana kiasi kwamba alikusanya mabakuli ya chai akarudi ndani, akakipaka mafuta kifundo chake.

* * *

Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yamefanya ukoko wa barafu. Sanavbar aliuvunja kwa ngumi, akakimbia nyuma ya nyumba bila kufunga kilemba. Maua yalikuwepo. Hakuna lililodondoka, hakuna lililosinyaa, yote meupe kama jana. Alishika kifua akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo akamwona Nurullo. Alikuwa amechuchumaa chini ya mti mkongwe, ameshika ua, analipasua kwa ukucha wa dole gumba. Ndani, pale kwenye moyo wa ua ambapo tunda hufungwa, palikuwa peusi. Alichuma jingine, likawa jeusi. Alihamia mti wa pili, wa tatu, akipasua na kutupa, akipasua na kutupa, na chini ya kila mti akaacha kilima kidogo cha maua mazuri. Mkewe alimfuata nyuma, na baada ya muda akaacha kutazama maua akawa anatazama shingo ya mumewe, jinsi ilivyokuwa nyembamba.

Upande wa pili wa ukuta Tolib naye alikuwa akipasua yake. Walisikia akimwita mkewe, Rohat, kisha wakamsikia Rohat akianza kulia.

Ukatili wa jalidi ya namna ile ni kwamba haiondoki na maua. Siku nyingi baadaye bonde zima lilibaki limepambwa kama bibi harusi, na kila mwenyeji akijua kwamba ile ni sanda. Watu wa mjini hawakujua. Walikuja na magari yao kupiga picha, kama wafanyavyo kila mwaka, wakafurahi kwamba mwaka huu maua yamewahi. Mama mmoja mwenye viatu virefu alimwomba Nurullo asimame chini ya mti mkongwe na kofia yake ya tarizi, akamweka hivi, akamweka vile, akamwomba atabasamu. Nurullo, asiyeweza kumkatalia mgeni kitu, alitabasamu.

"Mungu awape matunda mengi kama maua haya," alisema yule mama.

"Amina," alijibu Nurullo.

Kichwa cha Tolib kikachomoza juu ya ukuta. "Muulize na kesho yenu ikoje, mama," alisema. "Huyo ndiye mnajimu wetu. Ukitaka kujua siku ya kulala, muulize huyo."

Yule mama akadhani ni utani wa majirani, akacheka, akaendelea na safari yake. Nurullo alivua kofia. Hakuivaa tena tangu siku hiyo, wala hakwenda tena nyumba ya chai. Siku ya kwanza baada ya jalidi alikuwa amekwenda, akakaa mahali pake pa siku zote, na mmoja baada ya mwingine watu wakakumbuka shughuli nyumbani. Hakuna aliyemtukana, na laiti wangemtukana. Mwenye nyumba ya chai alimletea chai, akakataa kupokea pesa zake za somoni, na Nurullo, aliyelipia chai za wengine maisha yake yote, akaelewa kwamba anaonewa huruma.

* * *

Kabla ya Nairuzi wanawake wa mtaa hupika sumanak, uji mzito wa ngano iliyooteshwa, katika sufuria moja kubwa. Kila mmoja huja na sinia la ngano aliyoiotesha nyumbani, na kila anayeshika mwiko hukoroga huku akinuia haja yake kimyakimya. Kwa miaka mingi Sanavbar alikuwa wa kwanza kushika mwiko, kwa sababu ya mumewe. Mwaka huu hakuitwa. Alijiambia wamesahau. Akachukua sinia lake, ngano imeota vizuri, mizizi imeshikana kama mkeka, akalipeleka mwenyewe uani kwa Rohat.

Wanawake waliitikia salamu yake. Rohat ndiye aliyekuwa na mwiko.

"Umechelewa, mama Firuz. Sufuria imejaa."

Sufuria ilikuwa nusu. Kila mtu pale aliiona kwamba ni nusu, na kila mtu akatazama moto. Sanavbar alitaka kusema: na mimi aprikoti zangu zimeungua kwa jalidi, Rohat, hata mimi. Alitaka kusema: nina haja moja tu ya kunuia, nipe mwiko dakika moja, halafu nitaondoka. Badala yake akasema, "Basi mpike kwa heri," akalifunika sinia kwa kitambaa, akarudi nalo nyumbani kama aliyebeba kitu cha aibu. Ngano ile akawapa kuku.

Daler alimkuta akiwatazama kuku wakila. Alikuwa ameshafua nguo zake za safari, zilikuwa zinaning'inia baina ya miti, suruali za kazi katikati ya yale maua.

"Usiwachukie majirani," alisema. "Wana haki."

"Na wewe unawachukia?"

"Mimi namhurumia baba."

"Mhurumie basi ukae."

Daler aligusa suruali moja kuona kama imekauka, ingawa ilikuwa imekauka tangu mchana.

* * *

Wazo lilimjia Sanavbar siku ya Nairuzi yenyewe, sikukuu ambayo mlango wao haukugongwa na mtu. Katika bonde lile, mti ukikataa kuzaa hutishiwa. Mwenye mti huuendea na shoka, akautangazia kosa lake, akanyanyua mkono. Hapo lazima ajitokeze mtu aukamate mkono ule na kusema: usiukate, naudhamini mimi. Mwenye shoka huuliza, na usipozaa? Mdhamini hujibu, uje uniulize mimi. Na mdhamini hachukui neno hilo kimchezo. Tangu siku hiyo mti uko shingoni mwake, na mpaka uzae haruhusiwi kulihama bonde. Kuna watu walioahirisha hija kwa ajili ya mti. Na kama hakuna wa kuudhamini, basi shoka limalize kazi, kwa sababu mti uliotishiwa bure huwa hauogopi tena, na shamba lote hujifunza kutoka kwake.

Alimwambia mumewe, na Nurullo akamtazama kana kwamba amerukwa na akili.

"Mti wenyewe umekosa nini? Umechanua mpaka ukapitiliza. Nitautishia kwa kosa gani?"

"Mti nina haja gani nao? Mimi namtaka mwanangu. Utanyanyua shoka, Daler atakuwepo. Atakushika mkono."

"Atajua ni mtego."

"Akijua, na bado akakushika mkono, basi anataka kukaa."

Nurullo akatoka, na baada ya kidogo akasikika akinoa shoka kwenye jiwe. Kwa kutishia mti hakuna anayenoa shoka. Sanavbar alisikia, akajiambia mzee anataka tu kufanya kitu kwa mikono yake.

* * *

Asubuhi ya safari, mkoba wa Daler ukiwa tayari mlangoni na gari la Komil likisubiriwa wakati wowote, Sanavbar alimwita mwanawe nyuma ya nyumba. Alisema baba anahitaji msaada. Ardhi yote ilikuwa nyeupe, maana maua yalikuwa yameanza kudondoka hatimaye. Nurullo alikuwa amesimama mbele ya mti mkongwe, mti wa babu yake, na Sanavbar akashtuka kuona amechagua huo. Alidhani angechagua mmoja wa ile midogo ya ukutani.

"Mti huu umeniaibisha," alisema Nurullo. Hayo ndiyo maneno ya desturi, lakini sauti haikuwa ya desturi. "Nimeuamini kuliko simu, kuliko mwanangu, nao umenivua nguo mbele za watu. Naukata."

Akaugonga kwa kisogo cha shoka, kama inavyotakiwa mara ya kwanza. Petali zikamwagika begani mwake. Daler alikuwa amesimama, mikono mfukoni. Kichwa cha Tolib kilitokea juu ya ukuta.

Nurullo akanyanyua mara ya pili, akarudia maneno, na safari hii akageuza makali. Kibanzi kiliruka. Ndani ya mti mlikuwa na majimaji, mti ulikuwa mzima kabisa.

"Daler," alisema Sanavbar.

"Mama, nimejua tangu uliponiita." Alitoa mikono mfukoni, lakini hakusogea. "Nataka kumshika. Wallahi nataka. Lakini nikisema yale maneno nitakuwa nasema uongo, na nyumba hii mwaka huu imeshadanganywa vya kutosha."

"Si uongo ukikaa."

"Nikae nifanye nini? Mwakani Februari itakuwa hivihivi. Na mwaka utakaofuata. Mti haukutudanganya, mama, umedanganywa kama sisi. Umehisi joto ukaamka, ungejuaje? Huyo Ajuza hana saa tena, anakuja anapotaka." Akamgeukia baba yake. "Nitawatumia pesa, baba. Nitatuma kila mwezi. Hilo naweza kulidhamini. Hili siwezi."

Sanavbar alimchukia mwanawe wakati ule, kwa sababu alikuwa anasema kweli na alikuwa anaisema taratibu, bila hasira ambayo mama angeweza kuikemea. Yote aliyoyapanga yalikuwa yamemwishia mkononi. Alifungua kinywa amwambie mumewe basi, inatosha, weka chini.

Ndipo akaona uso wa Nurullo. Alikuwa amenyanyua shoka mara ya tatu, juu kabisa, miguu ameitanua kama mkata kuni, na hakuwa anamsubiri mtu yeyote amshike. Alikuwa anataka kuukata. Alitaka kuukata mti ule tangu siku ile ya jalidi, na mkewe ndiye aliyempa ruhusa.

"Kaka Nurullo, wacha," alisema Tolib kutoka ukutani, lakini Tolib alibaki ukutani, na neno lisilo na mkono si dhamana.

Sanavbar hakukumbuka kukimbia. Alijikuta ameukamata mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, kiwiko cha Nurullo kimemgonga shavuni, na kilemba kimemwangukia mabegani.

"Usiukate. Naudhamini mimi."

Nurullo alikuwa anahema. "Mwanamke hadhamini mti."

"Wanaume wanaondoka. Nani mwingine yupo? Naudhamini mimi, nimesema, na Tolib kasikia."

Nurullo alimtazama mkewe, kisha akamtazama mwanawe, kisha ule mti wenye kidonda. Kama asingeuliza swali, dhamana isingekuwa dhamana, na wote wanne walijua. Aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Na usipozaa?"

"Uje uniulize mimi," alisema Sanavbar. "Mimi siendi popote."

Honi ya Komil ikalia nje, upande wa barabara, fupi na ya kirafiki. Desturi ni kwamba mdhamini hauachii mkono mpaka shoka liwe chini, na shoka halikuwa chini, kwa sababu vidole vya Nurullo vilikuwa vimekaza na havikutaka kufunguka. Daler alisubiri kidogo. Kisha akamjia mama yake kwa nyuma, akamrudishia kilemba kichwani, akamtengenezea vizuri ili kisianguke tena, akaweka paji la uso wake begani mwake. Akambusu baba yake mkono, ule mwingine. Hakuna aliyesema kwaheri.

Sanavbar alisikia hatua zake zikizunguka nyumba, akasikia mkoba ukinyanyuliwa, akasikia lango. Angependa kumwagia maji nyuma ya nyayo zake, kama mama yeyote anavyomwagia mwanawe anayesafiri ili arudi salama, na ndoo ilikuwepo palepale kando ya mlango. Honi ililia tena, gari likaondoka. Nurullo bado alikuwa ameshika shoka, na yeye bado alikuwa amemshika Nurullo.